Bi Mahbouba na Istilahi Arubaini na Moja

Majirani zake pale Ibra walikuwa wakisema kwamba Bi Mahbouba bint Sinan hana haja ya kusema "sipendi". Husonya tu. Akipita mtu na kanzu iliyopigwa pasi kama karatasi na simu mbili mkononi, husonya. Televisheni ikimleta bwana wa kuzungumzia "upeo wa mustakabali", husonya, kisha humwambia mdogo wake Wadha aipunguze sauti, maana debe tupu lina mwisho wake wa kuvumiliwa.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Alizaliwa Unguja, Vuga, na baba yake, Maalim Sinan, alikuwa akisomesha skuli. Alipokuwa na miaka saba wakahama kwa ile njia waliyohamia wengi, bila ya kuaga. Wakakaa Mombasa, wakakaa Dubai, na mwaka wa sabini na tano wakaingia Oman, nchi ya babu zao ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane, Kiingereza kizuri, Kiswahili cha mjini, na Kiarabu cha Juzuu Amma.

Wizara moja kule Maskati ikamwajiri katika idara ya tafsiri. Wiki ya kwanza akakosea, akataja kitu cha kike kama cha kiume, na mkubwa mmoja wa pale akacheka mpaka chai ikammwagikia. "Hawa Zinjibari," akasema, "Mungu kawapa ndimi tatu na hawajui hata mmoja." Mahbouba hakulia. Alinunua kamusi nne na kitabu cha nahau chenye jalada la kijani, akavisoma kama mtu anayekula kwa hasira. Miaka kumi baadaye yule mkubwa alikuwa akimpelekea barua zake azisahihishe, naye akizirudisha zimejaa wino mwekundu, bila ya neno. Hapo ndipo dharau yake ilipokomaa. Ilimlea vizuri. Ilimpa kazi, ikampa cheo na pensheni. Mume ndiye iliyemnyima, na hilo nalo alilisonya.

Jambo moja hakuwa akilisimulia. Katika miaka ya themanini aliwahi kutafsiri ripoti ya wahandisi wa kigeni juu ya visima vya kijiji kimoja cha mlimani. Ripoti ilisema kupata maji pale ni jambo lisiloelekea. Wakubwa wakataka neno tamu zaidi, naye, kwa kutaka kusifiwa, akaandika "yanatarajiwa". Watu wa kijiji wakasomewa tangazo, wakasubiri miaka mitatu bila ya kutafuta maji kwingine, mpaka mitende yao ikafa. Hakuna aliyemlaumu mtafsiri. Hakuna hata aliyejua kwamba yupo.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, akapigiwa simu na bwana aitwaye Talal.

"Mama, shikamoo! Nimepewa namba yako na watu wa Maskati. Wanasema wewe ndiye eksipati."

"Mimi si mama yako," akajibu. "Niite Bi Mahbouba. Na hiyo eksipati ni nini?"

Talal akacheka. Wazee wake walirudi kutoka Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimejaa vipande vya Kiingereza kama wali wenye mawe. Hilo peke yake lilitosha kumshusha machoni mwa Bi Mahbouba, na haikuwa haki, maana Kiarabu cha Talal kilikuwa safi kuliko chake. Lakini haki na dharau hazilali kitanda kimoja.

Ofisi ya Talal ilikuwa Firq, ukitoka Nizwa, ghorofani juu ya maduka ya mipira ya magari. Chini mafundi wanagonga marimu, juu kuna zulia, kahawa ya mashine, na picha ukutani ya wingu la buluu lililotoa nyuzi za mwanga. Kampuni ilikuwa ikiuza mitambo ya kompyuta kwa maghala, mashamba na hoteli za Jabal Akhdar, na sasa ilikuwa inataka kuingia ubia na jumuiya moja ya makampuni ya Ulaya. Wazungu wale walikuwa na faharasa yao, istilahi arubaini na moja za wingu la shirikisho na ukokotoaji wa ukingoni, na kila mbia alitakiwa aitoe kwa lugha ya kwao, aichapishe, na aifuate.

"Ni formaliti tu," Talal akasema. "Watu hawaisomi. Ila iwe na Kiarabu kizito, Mama. Kizito, kama khutba."

Bi Mahbouba akamtazama mpaka Talal akaanza kuipanga kalamu yake upya juu ya meza. "Wewe umeisoma?"

"Nimeipitia."

Alisonya, akaichukua karatasi, akarudi kwao Ibra.

Alikuwa na desturi yake, aliyoianza kwa siri tangu wizarani. Kila neno la Kiingereza lililokusudiwa kwenda Kiarabu, alilipitisha kwanza katika Kiswahili cha kwao, tena kwa sauti, mbele ya Wadha. Wadha hakusoma zaidi ya skuli ya msingi, na hakuwa na aibu ya kusema hakufahamu. Neno likipita kwa Wadha, akalifahamu, mlikuwa na kitu ndani yake. Likimkwama, Bi Mahbouba aliliwekea alama.

Basi asubuhi wakakaa barazani, Wadha anachambua mchele, dada yake na miwani puani.

"Wingu," akasoma. "Maana yake kompyuta za watu wengine, ziko mbali, unazikodi."

"Sasa wingu la nini?"

"Ndiyo wanavyoita. Na hili la shirikisho, maana yake hukodi kwa mmoja tu. Wenye kompyuta ni wengi, kila mtu na yake, lakini wamekubaliana kanuni moja, hata ukimchoka huyu unahamia kwa yule na vitu vyako vyote, na hakuna wa kukuzuia mlangoni."

Wadha akatupa punje mbovu. "Kama falaji, mfereji mmoja wa kijiji kizima. Kila mtu na zamu yake ya maji."

"Si kama falaji. Falaji chemchemi mama yake ni moja, ikikauka nyote mmekauka. Hawa kila mmoja ana kisima chake."

"Hebu! Basi hilo ni jambo zuri."

Hilo ndilo lililomkera Bi Mahbouba. Alikuwa amekuja na dharau yake imeiva, tayari kuikuta karatasi ya wapuuzi, kumbe aliyeiandika alijua asemalo. Neno la mamlaka juu ya data lilikuwa na maana iliyonyooka, kwamba mwenye habari zake ndiye wa kuamua zikae nchi gani na nani azitazame. Neno la kusomana lilikuwa na maana, kwamba mtambo wa huyu uweze kuufahamu mtambo wa yule bila mkalimani. Bi Mahbouba, aliyekuwa mkalimani, aliliona hilo la kuchekesha kidogo, lakini hakucheka.

Akakwama kwenye ukingo. Karatasi ilisema kituo cha ukingoni ni kompyuta iliyowekwa pale pale jambo linapotokea, ghalani, shambani, kiwandani, ifikirie na kuamua hapo hapo, isingojee jibu la mbali. Na mtandao ukikatika iendelee na kazi yake. Wadha akauliza ipo wapi mashine ya namna hiyo, akaione. Bi Mahbouba akampigia Talal.

"Tunayo Sur!" Talal akasema kwa furaha. "Kwenye ghala la baridi la wavuvi. Ukingo wetu wa kwanza, fuli opereshenali."

"Nitakwenda kuutazama."

"Hakuna haja, Mama."

"Sitafsiri nisichokiona," akasema, akakata simu. Haikuwa kweli. Miaka thelathini alikuwa ametafsiri vitu asivyoviona, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa visima.

Siku ya pili aliendesha gari mwenyewe mpaka Sur, Wadha ubavuni na chupa ya kahawa mapajani. Ghala lilikuwa karibu na soko la samaki, jengo la bati jeupe. Msimamizi wake, mtu mzima wa miaka arubaini aitwaye Luay, aliwatokea na koti la baridi mwilini na jasho usoni. Bibi yake mzaa mama alikuwa wa Unguja, naye alikuwa amebaki na Kiswahili cha kuokoteza.

"Shikamoo bibi. Tafadhali, karibu. Nyinyi watu ya kampuni?"

"Marahaba. Sisi si watu *wa* kampuni," akamsahihisha, maana hakuweza kujizuia. "Nimekuja kuutazama ukingo."

Luay hakulijua neno hilo. Akaelezwa. Akawapeleka kwenye ukuta wa nyuma, akawaonyesha sanduku jeupe, dogo, lina taa moja ya kijani na nembo ya lile wingu la buluu. "Sanduku hii," akasema. "Inapima baridi, inaambia mashine: washa, zima."

"Inapoambia mashine, inaamua yenyewe?"

Luay akamtazama, akamtazama na Wadha, kama mtu anayepima kama wageni hawa wana amana. Kisha akanyoosha mkono akachomoa waya wa mtandao. Taa ya kijani ikawa nyekundu. Kioo kidogo kilichokuwa kikionyesha nyuzi za baridi kikaandika kwa Kiingereza: inasubiri.

"Khalas," akasema Luay. "Imekufa. Inauliza mbali, sijui wapi, Ulaya. Ikijibiwa, inawasha. Haijajibiwa, inakaa."

"Na zamani, kabla ya sanduku?"

"Zamani ile kitufe ya zamani, unaweka kwa mkono baridi unataka. Ikipata joto inawasha peke yake. Wao wametoa, wamesema ya kizamani." Akaurudisha waya mahali pake. "Mwezi wa sita, wallahi, mtandao imekatika masaa tisa. Mimi niko harusini Ja'lan. Nimerudi, nguru tani mbili imeoza. Watu hapa wamelia, bibi. Kampuni imesema: kosa ya mtandao, si ya sisi."

Wadha akasema innalillahi. Bi Mahbouba alikuwa anakisoma kibandiko kilichogandishwa chini ya nembo, kwa Kiarabu na Kiingereza: *Kituo cha ukingoni*. Akakisoma mara ya pili. Safari hii hakusonya. Alisimama tu katika lile baridi lenye harufu ya chumvi, akajiona na miaka thelathini, na kalamu, anaandika "yanatarajiwa".

Njiani kurudi Wadha akamwuliza anawaza nini.

"Mwizi wa ng'ombe namfahamu," akajibu. "Kuna mwizi wa neno. Anachukua neno la watu walilolitolea jasho, analibandika juu ya kopo."

Kesho yake akaenda Firq. Talal alikuwa amemwandalia halua.

"Hilo sanduku lenu la Sur si ukingo," akamwambia kabla ya kukaa. "Ni mfereji. Linamwaga kila kitu kwa wenyewe huko, linakaa likingoja. Mtandao ukikatika halijui hata joto ni nini."

"Mama, hii ni fezi ya kwanza. Kuna rodimapu."

"Faharasa inasema lazima liamue hapo hapo."

"Basi laini hiyo ilegeze kidogo. Andika: 'kifaa kilicho karibu na mteja'. Si karibu? Kiko ukutani kwake!"

"Hata feni iko ukutani kwake."

Talal akaufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, na hilo Bi Mahbouba aliliona na likamkirihi zaidi. Mtu mbaya angejua anachokifanya. Talal aliyapenda yale maneno kwa dhati, kama mtoto anavyopenda karatasi ya peremende, na kilichofungwa ndani hakikumshughulisha. "Ukitafsiri hivyo," akasema taratibu, "utatuaibisha mbele ya Wazungu. Na wewe ni mtu wetu. Zinjibari kwa Zinjibari."

"Mimi nyumbani kwetu Vuga," akasema Bi Mahbouba. "Wewe kwenu Tabora, na maji ya bahari umeyaona ukubwani. Tafsiri itakuwa kama ilivyoandikwa, ama mtafute mwingine."

Muda wa kutafuta mwingine haukuwapo. Kitabu kikachapwa, chembamba, kurasa thelathini, na istilahi ya kumi na saba, ile ya ukingo, ikatoka kwa Kiarabu chepesi ambacho mvuvi yeyote angekisoma akiwa amesimama. Mahali pa jina la mtafsiri paliandikwa: "Timu ya kampuni."

Hafla ikafanywa Nizwa, katika ukumbi wa hoteli, saa nne asubuhi. Walikuja wenye mashamba ya mawaridi kutoka mlimani, wenye viwanda vya tende, na kikundi cha wavuvi wa Sur, Luay akiwa mstari wa tatu. Kutoka Brussels alikuja mama mmoja wa Kizungu, nywele fupi za mvi, na ushungi wa heshima shingoni ambao hakujua aufunge au auache. Bi Mahbouba aliketi pembeni ya jukwaa na kipaza sauti chake, maana mkalimani aliyeajiriwa alikuwa ameugua na hapakuwa na mwingine aliyeyajua maneno yale.

Talal alizungumza kwa Kiingereza, apate kumpendeza mgeni. Alizungumza nusu saa. Mfumo mzima ukazaa mfumo mwingine, uwezeshaji ukaoana na uhimilivu, na Bi Mahbouba akayageuza yote kuwa Kiarabu kwa sauti kavu kama ya msoma majina ya wagonjwa.

Kisha yule mama wa Kizungu, labda kwa adabu tu, akauliza swali. Mtandao ukikatika, uamuzi hufanyika wapi?

Talal akatabasamu. Akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba likitokea badiliko katika hali ya muunganisho, ukingo wao wa kishirikisho hujipunguza kwa ustaarabu, ukaungojea uratibu kutoka katika mwendelezo.

Ukumbi ukamgeukia mkalimani.

Bi Mahbouba alikuwa na kitabu wazi mbele yake. Akalichukua kila neno alilosema Talal, akaweka mahali pake maana iliyochapwa na kampuni yenyewe, bila ya kuongeza wala kupunguza. "Amesema," akatoa kwa Kiarabu, polepole, "mtandao ukikatika, mashine inaacha kazi na kungoja amri kutoka mbali."

Minong'ono ikapita safu kwa safu. Mwenye mawaridi mmoja akacheka kwa pua. Talal, aliyekuwa akisikia kila herufi, akaanza kusema hapana, hapana, lakini hakuwa na la kutaja kwamba limetafsiriwa vibaya. Luay akasimama mstari wa tatu, akauliza kwa Kiarabu, bila ya kelele:

"Na samaki?"

Bi Mahbouba akamgeukia mgeni, akamfikishia kwa Kiingereza: na samaki?

Angalipenda hadithi iishie hapo. Alijua kwamba angalipenda, na akajidharau kwa kupenda. Maana yule mama wa Brussels alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika kitu katika daftari lake, akasema hilo ni swali zuri mno, na kwamba mafunzo ya namna hiyo kutoka nyanjani ndiyo hasa jumuiya yao inayoyathamini kwa wabia. Kisha kalamu zikaletwa. Wakatia saini, wakapigwa picha, Talal katikati, jasho limemkauka. Watu waliowaandikia walimwengu maana ya ukingo walikuwa wamepeana mkono na mtu aliyewaambia usoni kwamba hana.

Bi Mahbouba aliikataa halua. Ukumbini mwa kahawa yule mama alimjia, akamsifu kwa uwazi wa tafsiri yake.

"Uliyasikia niliyoyasema?" akamwuliza kwa Kiingereza.

"Bila shaka. Lilikuwa jambo muhimu sana."

Akasonya. Yule mama alidhani ni namna ya shukrani ya kwao, akatabasamu.

Talal amepandishwa, yuko Maskati sasa, katika jengo lenye lifti ya kioo. Alimpelekea Bi Mahbouba ujumbe wa Idi wenye picha ya mashua na mwezi, na yeye hakuujibu.

Kule Sur mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Luay alikichukua kile kitabu chembamba kwenye mkutano wa kikundi chao, akawasomea wazee istilahi ya kumi na saba, kisha akawasomea barua ya kampuni iliyosema sanduku lile ni kituo cha ukingoni. Hawakuhitaji wakili kuyaona mawili hayo yanavyogombana. Wakalichomoa sanduku, wakalipeleka Firq kwa gari la samaki, wakaliacha juu ya lile zulia, likinuka. Fundi wa umeme wa hapo hapo Sur, Aflah, akawafungia kompyuta ndogo isiyo na nembo, inapima baridi na kuwasha mashine yenyewe, mtandao uwepo usiwepo. Na kile kitufe cha mkono kikarudishwa pembeni yake. Kwa mujibu wa faharasa, huo ndio ukingo. Aflah halijui neno hilo mpaka leo, na Bi Mahbouba amekataza asifundishwe.

Sasa Luay humpigia simu takriban kila wiki. Kikundi kinaletewa mikataba, na kila mkataba una maneno. Huyasoma kwa Kiingereza chake cha kujikwaa, naye Bi Mahbouba huyageuza kwa Kiswahili, polepole, Wadha akiwa karibu kusema kama yamepita au yamekwama.

"Bibi, hii neno 'uhimilivu', maana yake nini?"

"*Neno hili*, Luay. Maana yake kitu kipigwe kisianguke."

"Na wao, kitu yao ikipigwa haianguki?"

"Hilo kawaulize wao. Uwaulize ukiwa umeshika waya mkononi."

Luay akacheka, akaenda kuuliza. Bi Mahbouba akaiweka simu juu ya jamvi, akamwambia Wadha mchele wa leo una mawe, na kwamba duka lile walikoununua halifai kitu.